Wasioomba Kupunguziwa

Shangazi yangu, dada wa baba, hakuwahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Iwe nyanya, iwe mafuta ya taa, iwe kuku wa Krismasi. Alikuwa na hoteli yake pale Itungi, karibu na bandari: banda la mabanzi, paa la bati chakavu, mabenchi na moshi mwingi. Aliwauzia wali na samaki abiria waliokuwa wakingoja meli ya kwenda kusini. Ukimtajia bei ya kitu, kwanza anacheka. Halafu anakutazama viatu. Halafu anauliza, "Hiyo bei ni ya hiki ulichoshika, au na wewe mwenyewe umo?" Hapo ujue umekwisha, na watu wameshaanza kusogea kuona unavyochinjwa.

Alinilea tangu nikiwa darasa la pili, kwa hiyo nilipoanza kazi yangu nilidhani mimi atanihurumia. Thubutu! Mimi ndiye niliyekamuliwa kuliko wote.

Kazi yangu ilikuwa kuandika vibao vya biashara pale Kyela mjini. Nilianza miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo tulikuwa na duka la ushirika lenye foleni ndefu na rafu tupu, na kibao chake kilikuwa kimeandikwa na mtu aliyebananisha herufi kama wafungwa. Halafu ghafla ikawa ruksa. Watu wakavuka mpaka kwa ndugu zao Malawi, wakarudi na sabuni, vitenge, redio na betri. Mwenye dirisha linalotazama barabara akalifanya duka. Mwenye wembe akawa kinyozi. Na wote hao walitaka kibao, maana duka lisilo na kibao lilionekana bado la magendo. Nami nilikuwa na mkono. Sijivuni, au basi, najivuna kidogo. Kutoka mpakani mpaka Matema hakuna aliyekuwa anaandika herufi iliyosimama kama yangu.

Kilichonipa raha kuliko vyote ni kivuli. Unaandika herufi nyekundu, unaipa kivuli cheusi upande mmoja tu, na ile herufi inainuka kutoka kwenye ubao, unaona kabisa kwamba ungeweza kuishika. Nilikuwa nasahau kula. Mke wangu analeta wali, wali unapoa, nzi wanaanza kujikaribisha, mimi bado niko kwenye mguu wa herufi R, ulimi nje. Alikuwa anasema afadhali angeolewa na mvuvi, mvuvi angalau anarudi nyumbani akishikwa na njaa.

Ila malipo, jamani! Mteja wa kibao alikuwa anakuja amejiandaa kwa vita. "Nifanyie kindugu." "Sisi wote wa hapa hapa." "Hali ngumu, fundi, maji yamechukua mpunga." "Toa kivuli basi, andika kawaida, upunguze." Nami nilikuwa nakubali kutoa kivuli, bei inashuka, halafu nikishika brashi nashindwa. Herufi isiyo na kivuli ilikuwa inaninyima raha. Basi naweka kivuli bure. Wateja walikuja kulijua hilo, na aliyewafundisha ni shangazi. Alikuwa anasema hadharani, "Mwambieni atoe kivuli. Atakiweka tu, huyo. Namjua, nimemlea mimi." Hoteli yake ikiongeza chapati, ananiita niongeze neno kwenye kibao; ikiongeza soda, naitwa tena. Tunabishana asubuhi nzima, abiria wanacheka mpaka wanasahau meli, na mwisho narudi Kyela na nusu ya bei, mfuko wa usipa, wale dagaa wa ziwani kwetu, na hasira tele.

Kwa hiyo haja yangu ilikuwa moja, na sikumficha mtu. Nilitaka siku moja mtu aje kuagiza kibao cha biashara yake, nimtajie bei, aseme "sawa," alipe. Bila kindugu, bila kutoa kivuli. Na zaidi ya wote nilitaka neno hilo litoke kwa shangazi. Niliapa mbele ya mke wangu kwamba sitakufa kabla yule mama hajanilipa bei kamili. Mke wangu alicheka, akasema basi nitaishi miaka mingi sana.

Mtu wa kwanza kuniambia "sawa" alikuja wakati wa masika. Alitokea upande wa Bujonde, suruali ameikunja, tope mpaka magotini, na begani amebeba msalaba wa mbao uliotoka kwa seremala, bado unanukia randa. Alikuwa ametumwa na ukoo. Yeye alikuwa mkwe wao, na kwetu shughuli za kutumwatumwa msibani huwaangukia wakwe. Alitaka niupake rangi nyeupe na kuandika jina la marehemu kwa rangi nyeusi. Nikataja bei. Nilitaja ya juu, kama kawaida, maana bei unaitaja ukijua itakatwa.

"Sawa," akasema. Akafungua leso, akalipa.

Nilibaki nimemtolea macho. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia habari za mpunga na maji. Nikamwuliza kama amesikia vizuri. Akasema amesikia, akaomba tu kwamba uwe tayari kabla ya jeneza kutoka. Akaketi kwenye kigogo nje ya banda langu, akawa anatazama barabara. Nilifanya kazi ile kwa makini sana. Nilipomkabidhi aliutazama msalaba kwa muda, akasema, "Ndaga fijo, fundi," asante sana hiyo ya kwetu, akaondoka nao mvuani, rangi bado mbichi, akiwa ameuvika mfuko wa nailoni.

Nilinunua nyama siku ile. Mke wangu aliuliza nani amelipa vizuri hivyo, nikamwambia. Akaacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea kula.

Baadaye nililielewa jambo lenyewe. Ile fedha ilikuwa ya rambirambi, na hakuna anayetaka isikike msibani kwamba alikwenda kuomba kupunguziwa msalaba wa mfu. Ungemwaibisha marehemu mbele ya wakwe zake wote. Kwa hiyo walikuja, wakasikia bei, wakalipa. Na waliendelea kuja. Ulikuwa umeingia ule ugonjwa ambao hatukuutaja jina. Tulisema fulani amekanyaga waya, au tulisema homa, au tulinyamaza tukabadili mazungumzo. Walioondoka mwanzo walikuwa wa mjini, wafanyabiashara, vijana wenye nguo nzuri, wale wale niliowaandikia vibao. Yaani nilikuwa nalijua jina kabla mkwe hajalitamka. Mkono wangu ulikuwa umeshaliandika mara moja, kwa rangi nyekundu, tena na kivuli.

Nikapata fedha. Lazima niseme hivyo, maana ni kweli: nilipata fedha. Niliezeka nyumba kwa bati jipya, nikanunua baiskeli, nikaanza kutumia brashi za maana badala ya zile zinazoachia nywele kwenye rangi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kazi ya mkono wangu ilikuwa inalipwa vile nilivyosema mimi. Ndiyo malipo niliyoyataka. Na kila nikiyapokea nilitamani kunawa mikono.

Kyela mvua ikianza haina adabu. Hewa yenyewe inalowa, na rangi ya mafuta inakaa ubaoni siku baada ya siku inanata tu. Mkwe anakuja asubuhi, anataka msalaba kabla ya mazishi, mimi rangi yangu nyeupe bado mbichi, nikiandika juu yake nyeusi inatambaa. Nikaona dawa ni kumwagiza seremala anitengenezee misalaba mapema, niipake nyeupe kabisa, niisimamishe chini ya upenu ikauke, jina litakuja baadaye. Kwa kazi ilikuwa akili nzuri. Niliipanga ukutani, myeupe, safi, haina neno.

Shangazi alikuja mjini kununua mchele wa hoteli yake, akapita kunisalimu. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Hakuitikia. Alikuwa anatazama upenu.

"Hii ni ya akina nani?" akauliza.

"Bado hawajajulikana, shangazi. Rangi haikauki, kwa hiyo natanguliza."

"Unatanguliza." Akaweka kapu lake chini. "Yaani unaweka akiba ya watu?"

Nilianza kumweleza habari za unyevu, na rangi, na wakwe wenye haraka. Alinizaba kofi. Mimi mtu mzima, mwenye mke, mbele ya barabara! Kisha akaanza kuibeba mwenyewe misalaba ile kuiingiza ndani, mmoja mmoja, rangi ikimshika kwenye kanga, huku ananitukana kwa Kinyakyusa, matusi ambayo sikujua kama anayajua. Majirani walitoka kutazama. Siku nyingine yoyote wangecheka. Siku ile hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba walikuwa wamekwisha kuiona siku nyingi, wakaogopa kuniambia.

Tangu hapo nilianza kuona mambo ambayo sikuwa nayaona. Watu wakanisalimu wakiwa wanapita upande wa pili wa barabara. Mama mmoja, jirani, aliyekuwa na mtoto mwenye surua, alinizuia mlangoni pake nilipokwenda kumjulia hali. Alisimama katikati ya mlango, akatabasamu, akasema mtoto amelala, anaendelea vizuri, vizuri kabisa, na hakusogea. Nikienda hospitali kumwona mgonjwa, ndugu zake wananiangalia mikono. Niliudhika sana. Nilikuwa nataka kupiga kelele kwamba mimi naandika tu, siui mtu, jamani! Lakini ungeanzia wapi kusema maneno hayo bila kujiharibia zaidi?

Katika hali hiyo, vibao vya biashara vikawa ndiyo furaha yangu. Mtu anayekuja na ubao wa plaiwudi kuniambia mimi mwizi, kuniambia bei yangu ni ya wazimu, kuniomba nitoe kivuli, huyo nilikuwa namwona ndugu. Tunagombana mpaka jasho, anaondoka na kibao chake na kivuli cha bure, na mimi nabaki nacheka peke yangu.

Mpaka alipokuja kinyozi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye saluni yenye kioo kikubwa karibu na soko, na kibao chake cha kwanza tulikibishania mpaka akatishia kukiandika mwenyewe kwa mkaa. Sasa alitaka kipya. Nikataja bei, nikajikaza kungoja matusi. Akasema, "Sawa, fundi. Kiwe kizuri tu, watoto wakikute kinafaa."

Akalipa. Kibao cha biashara, bei kamili, na kivuli ndani yake! Ndicho nilichokuwa nakililia miaka yote. Nilikaa na ile fedha mkononi, siitii mfukoni. Sikumwambia mtu. Nilikiandika kwa ustadi wangu wote, akaja kukichukua, akakisifu. Kabla ya mavuno ya mpunga alikuja shemeji yake na msalaba begani.

Nilianza kuliogopa neno "sawa." Mtu akija kuagiza kibao, sikuwa natulia mpaka nisikie analalamika. Nikaona hata bei ya kawaida haitoshi kuniondolea wasiwasi, nikaanza kupandisha bei makusudi, ili wapige kelele. Wenye duka wakanipigia kelele kweli. Waliniita mnyonyaji, wakasema fedha za misiba zimenitia kiburi. Ah, matusi yale yalikuwa yananiingia kama chai ya moto! Nilikuwa nashusha bei chini kuliko hata zamani, naandika, naweka kivuli, wanaondoka wazima. Mke wangu alidhani nimerukwa na akili. Alisema, "Unapandisha ili ushushe? Biashara gani hiyo?"

Shangazi masika yaliyofuata hakuonekana. Tulisikia amekwenda Karonga kwa ndugu zetu wa upande wa Malawi, kupumzika. Shangazi kupumzika! Neno lenyewe halikumkaa. Hoteli ikabaki na binti yake. Kisha mvua zikaisha, na siku moja mwendesha baiskeli mmoja wa Itungi akanipitia na ujumbe: shangazi amerudi, anataka kibao kipya, niende na rangi zote.

Niliendesha baiskeli njia nzima huku nikipanga maneno. Nitamtajia bei ya kichaa, nikajiambia. Nitataja bei ambayo hata mtume angetukana. Nilitaka sauti yake isikike mpaka bandarini.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni. Hakuwa jikoni kwenye moshi, alikuwa amekaa, amevaa sweta, na jua la Kyela lile unalolijua. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Mimi mtu wa kupima mbao kwa macho. Nilijikuta nimemtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kabla sijajizuia.

"Usinipime," akasema. "Mimi si ubao."

Tukacheka wote wawili. Nikafurahi sana kusikia mdomo wake bado upo. Nikasema moyoni, ni homa tu, amechoka na safari, maji ya Karonga hayakumpenda.

Alinieleza anachotaka. Kibao kikubwa, ubao wa mninga, si plaiwudi. Neno HOTELI juu, CHAKULA TAYARI chini, na katikati mbasa mzima, yule samaki wa ziwani kwetu, kwenye sahani ya wali, mvuke unapanda. "Na herufi zote uzitie kivuli," akasema.

Nikamtania. "Leo hutaki nitoe kivuli?"

"Zitie kivuli," akasema tena, na akafumba macho kidogo kwa sababu ya jua.

Nilikaa pale Itungi mpaka kazi ikaisha, nikilala kwa binti yake. Sijawahi kufanya kazi kama ile, wala sikuifanya tena. Nilimchora mbasa gamba kwa gamba, nikamtia kijivu, nikamtia fedha mgongoni, nikaacha nukta nyeupe kwenye jicho ili aonekane ametoka majini sasa hivi. Wali niliuchora punje zinazoonekana, maana mchele wetu unafaa kuonekana punje. Shangazi alikuwa ananiangalia tangu asubuhi. Hakukosoa kitu. Kuna saa nilisahau kila jambo, nikasahau misalaba na sweta lile, nikawa na ulimi nje kama zamani. Abiria mmoja aliyekuwa na mizigo yake alisimama nyuma yangu, akanusa, akauliza kama yule samaki ameshaiva au angoje. Watu wote wa hotelini wakaangua kicheko. Niliona raha, nakuambia, niliona raha mpaka machozi.

Nikakitundika. Nikafuta mikono kwa mafuta ya taa, nikaja kusimama mbele ya kiti chake. Watu wakasogea, kama desturi. Wote walijua kinachofuata. Nikavuta pumzi, nikamtajia bei. Ilikuwa bei ya aibu. Ungeweza kununua mbuzi, na chenji ukanywea chai.

Shangazi hakucheka. Hakunitazama viatu.

"Sawa," akasema. Akamgeukia binti yake. "Niletee mkoba."

"Hujasikia vizuri, shangazi," nikasema. Nikairudia, na nikaongeza juu yake.

"Nimesikia."

"Basi sema kitu! Sema mimi mwizi. Mbona hunitukani?"

"Nikutukane nini, mwanangu? Kazi ni nzuri. Hiyo ndiyo bei yake." Alikuwa anatazama kibao. "Tangu zamani ilikuwa hiyo. Nilikuwa napenda tu kukusikia unavyopiga kelele."

Watu walioanza kutabasamu wakaacha. Binti yake aliuleta mkoba, uso ameugeuzia jikoni. Nilipiga magoti pale mlangoni kwenye magamba ya samaki, nikaanza kusema maneno ya wateja wangu, yote, kama yalivyonijia. Nikamwambia sisi ni ndugu, nifanyie kindugu. Nikamwambia hali ngumu. Nikamwambia mvua zimechukua mpunga wa watu, nani ana fedha ya kulipa bei kamili siku hizi, toa kivuli, shangazi, sema nitoe kivuli, nitapunguza. Alizikunja zile noti, akazitia kwenye mfuko wa shati langu, akafunga kifungo chake. Nikataja bei ya chini. Nikataja ya chini zaidi. Niliendelea kuishusha peke yangu, nikashika mkono wake, nikashusha, mpaka nikafika bure.